Kosa la Gari Lililosimama

Habari ya ajali ya mdogo wangu ilinifikia ikiwa imekwisha kukatiwa hukumu. Nilikuwa shambani kwangu, nje kidogo ya mji wa Kitale, nikitazama mahindi yaliyoanza kutoa ndevu, simu iliponiita. Alikuwa jirani yake wa kule Kibabii. Hata salamu hakunipa.

"Mzee, ndugu yako amegonga gari."

Hakusema ameanguka. Hakusema ameumia. Nilimwuliza gari hilo lilikuwa likielekea upande gani, naye akajibu, "Lilikuwa limesimama," kwa sauti ya mtu aliyemaliza mambo. Nikamwuliza kama yeye mwenyewe alikuwapo.

"Mimi? Hapana. Lakini si watu wote hapa mjini wanasema hivyo?"

Watu wote mjini! Nimeishi miaka mingi nikiwatafuta hao watu wote, na sijapata kumkuta hata mmoja akiwa na jina na macho. Nilianza kazi kama mkalimani wa mahakama, na baadaye, nikiwa tayari na watoto wakubwa, nikasoma sheria hadi nikahitimu. Sikupata kuwa wakili. Umri ulikuwa umenipita. Hata hivyo, kazi ya ukalimani ilikuwa imekwisha kunipa elimu yake. Kila shahidi aliposema "nilisikia", hakimu aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi, na kalamu hiyo haikushuka mpaka shahidi aseme "niliona". Nilitamani kalamu ya namna hiyo ingewekwa sokoni, kanisani na katika kila kituo cha bodaboda, kwa maana huko ndiko watu wanakofungwa bila kufikishwa mahakamani.

Yaliyotokea nayaeleza kwa uhakika, kwa sababu nimeyasikia kwa vinywa vya wawili waliokuwapo, mdogo wangu na mwenye gari. Hata walipogombana, hawakutofautiana juu ya tendo lenyewe. Mdogo wangu amekuwa akipeleka maziwa Bungoma mjini kwa baiskeli tangu ujana wake, mitungi miwili ikiwa imefungwa nyuma kwa mipira. Asubuhi hiyo alipita barabara ya karibu na msikiti, upande wa kushoto kama sheria inavyotaka, kati ya magari yaliyoegeshwa na malori yaliyokuwa yakiunguruma kuliani kwake. Mwenye gari, mfanyabiashara wa mbolea na mbegu kutoka Kitale, alikuwa ameegesha pikapu yake na kuzima injini. Simu ikiwa sikioni, akafungua mlango wa upande wa dereva, ambao kwa magari ya nchi yetu ndio unaoelekea barabarani. Ukingo wa mlango ulinasa usukani wa baiskeli na goti la mdogo wangu kwa pamoja. Alianguka chini ya mitungi yake mwenyewe, mfupa wa paja ukavunjika karibu na nyonga, na maziwa ya ng'ombe wa kijiji kizima yakatiririka kwenye mtaro.

Hakuna zaidi ya hayo. Mtu alifungua mlango bila kutazama, na mtu mwingine akavunjika. Nani awajibike? Ningedhani mtoto wa chekechea angejibu.

Nilisafiri kwenda Bungoma kesho yake, na kabla ya kumwona mgonjwa nikapita kwanza pale barabarani, kwa maana mashahidi huharibika upesi kuliko samaki. Vijana wa bodaboda walinizunguka kwa ukarimu mkubwa. Wote walikuwa wameona.

"Mzee, gari ilikuwa imesimama bana," akasema mmoja. "Yeye ndiye aliingia ndani ya mlango. Mimi nilimwona na macho yangu, alikuwa anakimbia kama ambulensi."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Mimi? Siku hiyo nilikuwa Malakisi, kwa mazishi. Lakini walinipigia."

Wenzake walicheka. Mwingine akamtetea: "Si hata mimi ndiye nilimpigia? Na mimi niliambiwa na huyu." Akaonyesha mtu wa tatu, ambaye papo hapo alikumbuka kwamba ana abiria.

Mtu mmoja tu mtaani humo alinipa jibu lililostahili heshima. Alikuwa mama wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa mkabala na pale, ambaye ndiye aliyekimbia na leso kumfunika mdogo wangu na kumkinga na jua. Nilimwuliza kama aliona mlango ukifunguliwa.

"La, baba. Nilisikia kishindo, nikageuka, mtu yuko chini na mlango uko wazi. Kabla ya hapo nilikuwa napima kitambaa. Nisikudanganye."

Ushahidi wake haukunisaidia hata kidogo, na bado nilimwinamia kichwa. Wengine wote walikuwa wamenipa sheria yao badala ya ushahidi, na sheria hiyo ilikuwa fupi: gari lililosimama halina kosa. Anayetembea ndiye mwenye makosa. Niliwauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Wakanitazama kama mtu anayeuliza mvua inatoka wapi.

Nami nasema, kama nilivyowaambia wao, kwamba gari halifi kwa kuzimwa injini. Aliyekaa nyuma ya usukani hajaacha kuwa dereva mpaka ameshuka, amefunga, na kuiacha barabara kama alivyoikuta. Barabara ni ya kila mtu anayeitumia, na kila anayeitumia anawajibika kwa wale ambao tendo lake linaweza kuwaumiza. Kufungua mlango ni tendo. Mlango uliofungwa haumzuii mtu. Mlango unaofunguliwa ghafla ni ukuta uliojengwa mbele ya uso wa mpita njia. Akiufungua abiria, abiria atajibu, na dereva aliyemshusha mahali pabaya anaweza kuitwa kujibu pamoja naye. Mwendesha baiskeli naye ana wajibu wake wa kutazama mbele, sikatai, na mahakama huweza kuligawa kosa. Lakini kuligawa si kumtwika mmoja lote kwa sababu tu baiskeli ni nyembamba na pikapu ni nene.

Mdogo wangu alikuwa amelazwa Lugulu, kwenye hospitali ya misheni, mguu ukiwa umevutwa kwa uzani. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Kaka, mlango wa watu umeharibika sana?"

Sijui nilimjibu nini. Najua shemeji yangu, mke wake, alinishika mkono na kunitoa nje ili wagonjwa wengine wapumzike.

Hatari iliyokuwa mbele yetu nilimweleza pale pale ukumbini, naye akaielewa mara moja. Mwenye gari alikuwa amekwenda kituoni siku ile ile na kuandikisha kwamba mwendesha baiskeli aliligonga gari lililosimama. Mdogo wangu hakuwa ameandikisha chochote. Maneno hayo yakibaki peke yake, bima ya gari haitagusa tiba ya mguu ule, na aliyevunjwa mwenyewe ataweza kushtakiwa kwa uzembe barabarani. Atakuwa amevunjika, kisha ataambiwa na serikali kwamba alijivunja. Afisa wa trafiki niliyempitia kituoni, mtu mpole, alikuwa ameniambia atasubiri mgonjwa apate nafuu ili aje aseme kwa kinywa chake. "Lakini mzee," akaongeza, "mkimalizana nyumbani, mje mniambie pia. Watu wa huku humalizana."

Laiti ningeyapima maneno hayo vizuri zaidi.

Mdogo wangu aliporuhusiwa kurudi Kibabii na magongo yake, mwenye gari alituma ujumbe kwamba angependa kuja kumwona mgonjwa. Hakuna anayekataliwa kumwona mgonjwa. Nilipanga niwepo, lakini gari nililopanda kutoka Kitale liliharibika njiani, na nilipofika uani tayari nilisikia harufu ya kuku.

Waliketi sebuleni wote: mwenye gari, wazee wawili wa kanisa aliokuja nao, na wazee watatu wa kijiji chetu ambao nawajua tangu tukichunga ng'ombe. Wageni walikuwa wameleta jogoo mkubwa mwekundu, sukari na mikate. Shemeji yangu, kwa kuwa hawezi kuwaacha wageni waondoke na matumbo matupu, na kwa kuwa uani hapakuwa na kuku mwingine wa kimo hicho, alimchinja jogoo yule yule na kuwapikia. Na kwa kuwa firigisi ni ya mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani ya mume wake. Nilipoingia mlangoni, mdogo wangu alikuwa akiitafuna.

Mmoja wa wazee wa kijiji aliinua glasi ya maji kunipokea.

"Karibu, Mzee wa Korti! Umekuja wakati kesi imekwisha."

"Imekwishaje?"

"Si unaona? Amekula firigisi."

Wakacheka kwa furaha, hata mdogo wangu. Mimi sikucheka. Sharti niwaeleze wasomaji wasio wa kwetu. Inasemekana hapa, na neno hili "inasemekana" naliandika kwa meno yaliyoumana, kwamba mtu aliyekosewa akila firigisi ya kuku aliyeletwa na upande wa pili, amesamehe, na hatadai tena. Nilimwuliza yule mzee ni nani aliyemfundisha hivyo.

"Wazee wa zamani."

"Yupi? Baba yako alikuwa rafiki ya baba yangu. Je, ni yeye?"

"Sikumsikia yeye mwenyewe. Lakini ilisemwa."

"Ilisemwa na nani? Mimi na wewe sasa ndio wazee. Kama sheria hii ipo, ingekuwa kwetu. Mimi sinayo. Unayo wewe?"

"Ah, huyu naye! Kaa chini ule. Unataka tumtoe jogoo tumboni tumrudishie mwenyewe?"

Vicheko viliongezeka. Nilikaa, lakini sikunawa mikono. Nilimgeukia mwenye gari, ambaye ninamjua vizuri kwa kuwa tunasali kanisa moja kule Kitale, na nikamwuliza kwa upole niliouazima kwa shida ilikuwaje siku ile. Alinijibu bila kusitasita, kama mtu asiye na cha kuficha.

"Mzee wangu, mimi nilifungua mlango tu. Simu ilikuwa imelia. Haki ya Mungu, sikumwona."

"Ulitazama nyuma kabla ya kufungua?"

"Ningetazama nini? Nilikuwa nimeshaegesha. Nakwambia sikumwona."

Wazee wote wakatikisa vichwa kwa huruma: masikini, hakumwona! Mtu alikuwa amekiri mbele ya wazee watano, na kila mmoja wao alilisikia ungamo lile kama utetezi. Barabara hiyo imenyooka. Mdogo wangu ni mtu mrefu, amebeba mitungi inayometameta. Asiyemwona mtu wa namna hiyo hakutazama, na kutotazama ndiko kosa lenyewe. Nilifungua kinywa kuyasema hayo, shemeji yangu akanitupia jicho kutoka jikoni, jicho la mwanamke mwenye wageni, nikakifunga. Heshima ya nyumba ya mtu ilinishinda. Wakala, wakaomba, wakaagana kwa kupeana mikono. Katika muda wote huo, kwa sababu ya adabu, hakuna mtu aliyesema ni nani anayemsamehe nani.

Walipoondoka nilimkabili mdogo wangu.

"Utakwenda kituoni lini kuandikisha?"

"Kaka, nimekula."

"Umekula kuku! Mfupa wako umeungana kwa firigisi?"

"Wewe unakaa Kitale. Mimi nakaa hapa. Mtu akila kisha aende kudai, watu watamwitaje? Watoto wangu wataitwaje?" Akaupanga mguu wake juu ya kigoda kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha mzigo wa mwingine. "Nimemsamehe yule mtu. Alikuja kwangu, akainama, akaleta jogoo. Hiyo inatosha."

Nilirudi Kitale nikiwa na hasira iliyonizuia kusoma hata gazeti. Na bado nilikubali, kwa shingo upande, kwamba kusamehe ni haki ya aliyeumizwa. Kama ameamua kuubeba mguu huo mwenyewe kwa hiari yake, mimi ni nani?

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mwenye gari alinifuata uwanjani penye kina mama waliokuwa wakigawa chai. Alikuwa na uso mkunjufu.

"Mzee, mgonjwa anaendeleaje? Mwambie asiwe na wasiwasi. Mimi nilishamsamehe kabisa."

"Umemsamehe nani?"

"Ndugu yako. Ule mlango ulikuwa umepinda vibaya, hata haukufungika. Lakini niliutengeneza mwenyewe, sikumdai. Ndiyo maana nilikuja na wazee, nimwondolee hofu. Mtu mzima kama yule, kuendesha bila uangalifu katikati ya mji! Nilimwonea huruma."

Naomba msomaji asimame hapa kidogo kama nilivyosimama mimi. Jogoo mmoja alikuwa ameliwa na pande mbili. Upande mmoja ulikula ukijua unasamehe, na upande wa pili ukala ukijua unasamehe pia. Kila mmoja aliondoka na moyo safi, na mwenye kosa hakuwapo mezani. Desturi nzuri ya kutotajana makosa mbele ya chakula, ambayo huwafanya watu wetu waonekane wapole kuliko wote duniani, ilikuwa imemwacha mtu aliyevunjwa paja akitafuna msamaha wa aliyemvunja. Na mimi nilikuwa nimenyamaza kwa ajili ya adabu hiyo hiyo! Nilimwambia yule bwana maneno ambayo uwanja wa kanisa haukustahili kuyasikia. Mama mmoja aliyekuwa na birika alisogea mbali.

Safari hii nilifika Kibabii bila hata kupiga hodi. Nilimsimulia mdogo wangu neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Hawezi kusema hivyo."

"Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Wewe ndiye umesikia, kaka. Mimi nimesikia kwako. Si wewe unayetukataza maneno ya kuambiwa?"

Shemeji yangu alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisheria mdogo wangu alikuwa sahihi. Akachukua simu yake, akampigia mwenye gari, akaiweka simu mezani ikiwa na sauti ya juu ili sote tusikie. Walisalimiana vizuri. Wakaulizana habari za mvua. Halafu mdogo wangu, kwa sauti ya chini na ya heshima kabisa, akauliza:

"Bwana, siku ile ulipokuja hapa kwangu, ulikuja kuomba msamaha au kunipa?"

Ikaja sauti ya mshangao wa kweli.

"Kukupa, mzee. Nilikusamehe na moyo wote. Hata mlango usijali. Wewe pona tu, na siku nyingine ukipita penye magari, uangalie mbele."

"Asante," akasema mdogo wangu. Akabonyeza simu ikazima.

Alikaa akiutazama ukuta. Shemeji alikuwa ameacha kucheka. Nilitaka kusema, nikajizuia, na kujizuia huko ndiko kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Hatimaye akanyoosha mkono kwenye magongo.

"Ningembebea mguu huu bila neno," akasema. "Lakini kusema nilijivunja? Mbele ya wanangu? Nipeleke kituoni."

"Na firigisi?" akauliza mkewe.

"Firigisi niliila kama mwenye nyumba anavyoila. Wakisema, waseme."

Walisema. Sitaficha hilo. Wazee watatu wale waliacha kupita uani kwake kwa muda mrefu, na sokoni aliitwa mtu aliyekula na kutapika. Kituoni afisa wa trafiki aliandika maelezo yake yote bila kumkatiza, naye akasomewa na kutia sahihi. Nami niliandikisha nilichokisikia kwa masikio yangu kutoka kinywani mwa mwenye gari: kwamba alifungua mlango, kwamba hakutazama, kwamba hakumwona. Mmoja wa wale wazee wa kanisa, mtu ambaye sikumtegemea, aliandikisha maneno hayo hayo, kwa sababu, kama alivyoniambia, Mungu naye alikuwa sebuleni. Tukamtafuta wakili kijana, kesi ikafunguliwa Bungoma.

Nimehudhuria kesi nyingi maishani mwangu, lakini zote nilikuwa nikisema maneno ya wengine. Hii nilikaa kwenye benchi na kunyamaza. Wakili wa upande wa pili alirudia sheria ya mtaani kwa Kiingereza kizuri: gari lilikuwa limesimama. Ikiwa na koti na tai, bado ilikuwa ni ile ile ya yule kijana aliyekuwa mazishini Malakisi. Alimwuliza mdogo wangu kwa nini alipita karibu sana na magari yaliyoegeshwa.

"Upande wa pili kulikuwa na malori," akajibu mdogo wangu.

"Hukuweza kusimama uyaache yapite?"

"Bwana, nikisimama kila lori likipita, maziwa yatafika yameganda kuwa mala."

Watu walicheka, hakimu akawanyamazisha. Kisha wakili wetu alimsimamisha mwenye gari na kumwuliza swali moja tu lililonifurahisha: kama angefungua mlango ule siku ile akijua kwamba kuna lori linapita ubavuni.

"Hapana, ningengoja."

"Kwa hiyo lori ungelitazama."

Mwenye gari aliitazama sakafu, na kwa mara ya kwanza nikadhani ameanza kulielewa jambo lenyewe. Huko ndiko inakotoka hasira yangu yote. Watu hawa si vipofu. Wanajua kutazama. Hutazama wanapoogopa kuumia wao au kuumia kwa mlango wao, na mtu wa baiskeli hawezi kumuumiza yeyote, basi hatazamwi.

Hukumu ilisomwa mchana. Hakimu alisema kwamba anayefungua mlango wa gari kuelekea barabarani ana wajibu wa kuhakikisha kwanza kwamba hapana mtu atakayeumia, na kwamba gari kusimama hakumwondolei wajibu huo. Alisema kwamba chakula kilicholiwa nyumbani ni jambo jema baina ya majirani, lakini hakikuonyeshwa kuwa ni makubaliano yoyote ambayo mahakama ingeweza kuyatambua. Nilikuwa nimeanza kuinuka. Kisha akaendelea. Akasema kwamba mwendesha baiskeli naye, kwa kupita karibu na magari yaliyoegeshwa bila kupunguza mwendo, alichangia sehemu ndogo ya ajali, na sehemu hiyo ataibeba mwenyewe.

Nilitoka nje kwa hasira. Sehemu ndogo! Angepita wapi? Angani? Barabara ile imejengwa kwa ajili ya lori na pikapu, na mtu wa baiskeli ameachiwa upenyo wa upana wa mabega yake, upenyo ambao kila mwenye mlango anajiona ana haki ya kuuziba. Kisha anaambiwa kwamba alipita karibu mno! Nilimwambia wakili tukate rufaa siku hiyo hiyo. Nilikuwa na hoja zangu zimekwisha kupangika kichwani, moja juu ya nyingine kama matofali.

Mdogo wangu alikuja taratibu kwenye ngazi, akitanguliza gongo kisha mguu.

"Hakuna rufaa," akasema.

"Wamekutwika kosa!"

"Kidogo. Kweli sikupunguza mwendo, kaka. Kidogo ni changu, nakikubali. Lile kubwa limerudi kwa mwenyewe, na limesemwa kwa sauti, wanangu wakiwa wameketi pale. Hilo ndilo nililolijia."

"Hukupaswa kubeba hata punje!"

"Kesi ni yangu au yako?"

Nilivaa kofia yangu nikashika njia ya kwenda stendi, nikiwa bado nabishana na hakimu moyoni, na hoja zilikuwa nzuri, kila moja bora kuliko iliyotangulia. Nilipita maduka, nikavuka barabara, nikawapita watu bila kuwaona nyuso. Nyuma yangu, mbali kuliko nilivyodhani, nikasikia sauti yake ikiniita, haina hasira hata kidogo.

"Kaka! Huo mguu wako ni mzima!"

Nikasimama pale pale kando ya barabara, nikamngoja.